Kimya cha Kompyuta si Kifo cha Flashi

Wahenga hawakupayuka waliponena kwamba haraka haraka haina baraka. Msomaji mpenzi, chomeka flashi, kompyuta ikunyamazie jii, kisha usikilize ushauri wa wenzako: "Imekufa hiyo!" "Ichomoe uipulize!" "Ifomati tu, bwana!" Ushauri huo wa mwisho ni sumu. Ukifomati, orodha ya faili zako zote hufutwa.

Mwaka jana nusura tuinywe sumu hiyo. Makala ya jarida letu yalichapwa saiba mjini Keroka, yakaletwa shuleni kwa flashi moja pekee. Insha, mashairi na vitendawili vya wenzetu vyote vilikuwa humo, na karatasi za mkono nyingi zilikuwa zimeshatupwa. Kompyuta za maabara yetu hutumia Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Tulichomeka flashi, tukangoja, wapi! Nje mvua ya alasiri ilikuwa ikinyesha, ile tuijuayo sisi wa Kisii na Nyamira, lakini mwenyekiti wetu alitokwa na kijasho chembamba.

Mwalimu wa kompyuta hakubabaika. "Msiizike kabla hamjaiuliza," akasema.

Kwanza aliihamisha flashi kutoka tundu la mbele hadi la nyuma, kwani nyaya za matundu ya mbele hulegea. Bado. Pili akafungua dirisha la amri, akaandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vilivyochomekwa. Loo! Flashi yetu hiyo hapo! Kama isingeonekana, tungeshuku tundu au flashi yenyewe. Tatu akaandika lsblk. Tukaona sdb, na chini yake sdb1, ila safu ya mahali ilipopachikwa ilikuwa tupu. Kumbe katika Linux, kuonekana si kupachikwa. Mgeni alikuwa amefika langoni, hajakaribishwa sebuleni.

Nne alijaribu kuipachika kwa amri ya mount. Hapo kompyuta ikasema haijui mpangilio uitwao exFAT. Ugonjwa ukajulikana! Kiini cha Linux kilianza kuja na uwezo wa kusoma exFAT katika toleo la 5.4, mwaka 2019, nacho chetu kilikuwa cha zamani. Mwalimu akatumia intaneti ya simu yake, akaweka programu ya exfat-fuse, akapachika tena. Majina ya faili yakajipanga kwenye kioo kama gwaride la Jamhuri. Tulipiga makofi hadi darasa jirani likachungulia!

Wenzangu, wengi wetu tuna flashi moja tu, na humo ndimo kazi ya mwaka mzima hulala. Flashi ikinyamaza, badilisha tundu, uliza lsusb, uliza lsblk, kisha soma kompyuta inalalamika nini. Ikishafunguka, nakili kazi yako mahali pa pili siku iyo hiyo, na usiichomoe kabla ya kuipachua. Kufomati kuwe jambo la mwisho kabisa, maana maji yakimwagika hayazoleki.