Nyoka na Majani Yake

Mtu aliyelipa kiingilio katika bustani ya nyoka hutaka kumwona nyoka. Hilo halina ubishi. Nimepata kumsikia mzazi akinung'unika mbele ya kizimba kilichojaa matawi na majani makavu, wanawe wakigonga kioo: "Tumetoa fedha kuja kutazama majani?" Kizimba cha pili kilimridhisha zaidi. Sakafu yake ilikuwa saruji tupu, na chatu aliyekuwamo alizunguka bila kutulia, akisukuma pua yake kwenye wavu hata ikachubuka. Watoto walishangilia. Mimi sikuona la kushangilia.

Nyoka hana kope. Hawezi kufumba macho hata usingizini. Umati ukimkodolea, kinga yake ni kujificha, na akinyimwa maficho hukaa na hofu mchana kutwa: huruka kuuma kila kivuli kikipita, na aghalabu hukataa chakula kwa majuma mengi. Mwekee majani, magome ya miti na pango dogo, naye hutulia, akala. La ajabu, kwangu mimi walau, ni kwamba hata majani ya plastiki humfaa, maana shida yake si majani bali kusitirika. Hata hivyo mmea ulio hai husaidia kutunza unyevu, na unyevu ukipungua mno nyoka hushindwa kujivua gamba lote kwa pamoja. Hutoka vipande vipande, vingine vikabaki vimeganda juu ya macho.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, wageni wengi huhesabu tembo, twiga na simba, wakaondoka bila kumwona nyoka hata mmoja. Si kwamba hawamo. Nyasi zimewasitiri. Na kule Kilosa kwenye mashamba ya mkonge, mkata mkonge hahitaji mtaalamu amweleze kwamba kifutu hulala kimya kwenye majani makavu akivizia panya, wala hakimbii hata mguu wa mtu ukikaribia. Ukukwi naye makao yake ni matawini, rangi yake na ya majani ni moja. Basi vizimba vya hawa wawili haviwezi kupambwa namna moja: huyu ataka majani yaliyoanguka, yule ataka matawi ya kupanda. (Mkonge wenyewe usitiwe humo, ncha zake huchoma.)

Simshawishi mtu kufuga nyoka nyumbani. Kumkamata mnyama wa porini na kumweka kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kifutu si mgeni wa kukaribishwa sebuleni. Ombi langu ni dogo. Siku utakapowapeleka watoto kwenye bustani ya nyoka, mkakuta kizimba kinachoonekana kitupu, wakataze kugonga kioo. Simameni kimya kwa dakika tano, mkitazama penye majani mengi zaidi. Nyoka yumo, naye amekwisha kuwaona.