Zaidi ya Kiingereza cha Kuombea Maji

Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kama watoto wengi wa Tanzania. Sekondari nikakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Nikakariri, nikafaulu. Nilipoanza kazi ya ugani huku kwenye mikorosho ndipo nilipojipima: Kiingereza cha kuombea maji nilikuwa nacho, cha kusomea utafiti wa ugonjwa wa ubwiriunga sikuwa nacho. Ajabu ni kwamba istilahi za ugonjwa wenyewe hazikunisumbua. Yaliyonikwamisha ni maneno yaliyozizunguka: “derive”, “subsequent”, “constrain”.

Mwenzangu mmoja akanipa orodha ya Averil Coxhead, mtafiti wa Nyuzilandi, iliyochapishwa mwaka 2000. Ina familia 570 za maneno, zilizochujwa kutoka maandishi ya kitaaluma ya fani 28, nazo hubeba takriban asilimia 10 ya maandishi ya namna hiyo. Daktari huyatumia maneno hayo, mwanasheria pia, na bwana shamba hali kadhalika. Lakini shuleni nani ayafundishe? Mwalimu wa Baiolojia ana istilahi zake, wa Jiografia ana zake, na haya ya katikati yanabaki yatima.

Nilikata kadi kutoka maboksi ya viatu na kufuata utaratibu wa visanduku wa mwandishi Sebastian Leitner, aliouandika miaka ya 1970. Neno ulilolikumbuka linasogezwa kisanduku cha mbele na kurudiwa baada ya muda mrefu zaidi. Ulilolisahau linarudi kisanduku cha kwanza, hata kama lilikuwa limeshafika cha mwisho. Nyuma ya kadi sikuandika maana peke yake. Nilinakili sentensi nzima nilimolikuta neno, kwa sababu maneno ya Kiingereza huchagua wenzake: mvua ni “heavy”, upepo ni “strong”, na ukiyageuza utaeleweka, ila utasikika mgeni. (Mke wangu alidhani nimeanza kucheza karata.)

Siku hizi ripoti ya utafiti ikifika ofisini, naisoma mwenyewe, kisha nawaeleza wakulima kwa Kiswahili ni lini wapulize salfa dhidi ya ubwiriunga na kwa nini. Kazi yangu imekuwa nyepesi, na nao wananihoji zaidi kuliko zamani.

Wewe unayejiandaa kwenda chuo, anza na zile 570 mwaka huu. Maneno ya kutambia mkutanoni yaache kwanza.