Naro Moru: Nyumba, Baridi na Paka

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini makala zetu zimekuwa zikichelewa tangu mwezi wa Mei, na tumesikia kwamba Mombasa kuna waliosema tumehamia Ulaya. Hatukufika mbali hivyo. Tuko Naro Moru, kaunti ya Nyeri, mji mdogo ulio kando ya barabara iendayo Nanyuki, baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Ukitoka Mombasa kwa treni asubuhi, ukalala Nairobi, kesho yake utapita Thika, Sagana na Karatina kwa matatu, na kabla ya adhuhuri utakuwa umefika, umevaa koti.

Wenyeji husema jina la mji huu ni la Kimaasai, na maana yake ni mawe meusi. Atakayeuona mto wa Naro Moru, unaoteremka kutoka mlimani, hatatafuta ushahidi mwingine. Mahali penyewe pako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jambo hili tulilisoma kwanza kwenye ramani, kisha tukalisoma tena jikoni: maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, maharagwe huomba saa moja ya ziada, na mafuta ya nazi tuliyoyabeba kutoka nyumbani yaliganda chupani usiku wa kwanza, yakawa meupe kama nta. Mwenzetu wa nyumbani aliitazama ile chupa kwa muda mrefu bila kusema neno.

Yeye ndiye sababu ya sisi kuwa huku. Ni mwalimu, na miaka sita iliyopita alihamishiwa shule moja ya upande huu. Tukaishi kwa kwenda na kurudi, mguu mmoja bara na mmoja pwani, hadi mzee mmoja aliyekuwa akihamia kwa wanawe alipotuambia anauza robo ekari yenye nyumba.

Hapa yatupasa tuseme jambo ambalo wasomaji wa Mombasa watalielewa upesi kuliko wengine. Sisi sote wawili tumezaliwa katika nyumba bila ardhi. Nyumba ya wazee wetu iko Majengo: ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Kuta, paa na milango ni mali yetu, ila udongo uliobeba kuta hizo ni wa mtu mwingine, na kila mwezi hulipwa kodi ya kiwanja. Babu alijenga kwa fito na udongo, akakandika kwa chokaa, kwa kuwa mwenye kiwanja hakuruhusu jengo la kudumu. Ukitaka kuongeza chumba, unaomba. Ardhi ikiuzwa, inauzwa nawe ukiwa juu yake, na mwenye kiwanja mpya huenda asiijue hata sura yako. Watu wa bara hatuwalaumu wanapotuuliza inawezekanaje mtu amiliki nyumba asimiliki ilipo. Na sisi tulikuwa tukijiuliza tangu utotoni.

Basi tuliuza fungu letu la urithi kwa ndugu zetu, tukaongeza akiba ya miaka ishirini, tukanunua. Kwa kuwa kiwanja kilihesabiwa kuwa shamba, ilibidi twende mbele ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kuomba idhini. Tulidhani ni usumbufu wa serikali tu. Lakini bodi ilimuuliza mke wa muuzaji, mbele ya watu, kama ameridhia nyumba yake iuzwe, na ikamngoja hadi ajibu kwa kinywa chake. Tumesomesha mlango wa mauziano miaka mingi, tukaisherehesha ridhaa kwa wanafunzi mara zisizo na idadi, na hatujapata kuiona ikiulizwa kwa adabu kama siku ile.

Hati miliki ilipotoka, mmoja wetu (msomaji atakisia ni yupi) aliiweka chini ya mto akalala nayo. Wiki iliyofuata mvua ya masika ikatuonyesha tulichonunua.

Paa lilikuwa likivuja mahali kumi na moja. Tulihesabu kwa sufuria, zilipokwisha tukahesabu kwa bakuli. Fundi wa kwanza alichukua malipo ya awali, akabadilisha mabati ya upande wa sebule, akaenda zake, na mvua ya pili ikavuja upya, safari hii kupitia mabati mapya. Fundi wa pili, kijana mpole asiyependa kusema ubaya wa mwenzake, alipanda ngazi, akashuka, akatuomba tupande tujionee. Misumari yote ilikuwa imepigiwa kwenye mabonde ya bati, pale maji yanapopita, badala ya kwenye migongo. Kila msumari ulikuwa ni bomba dogo la kuingiza maji ndani. Tuliyang'oa mabati yote. Tukajifunza pia kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30 ijapokuwa namba yake ni ndogo, elimu ambayo tungeipata mapema tungekuwa na fedha zaidi leo.

Katika kung'oa huko ndipo panya walipojulikana. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa akiweka mahindi darini, na panya hawakupata habari kwamba nyumba imeuzwa. Jirani yetu, bibi mmoja ambaye kila mtu hapa humwita Cucu, ndivyo Wakikuyu wamwitavyo nyanya, alituletea paka jike wa rangi ya majivu ndani ya kikapu. Tukauliza bei. Akasema, "Mwalimu, nipe kitu kidogo tu." Tukasita. Iko hadithi ya Jabir aliyoipokea Imamu Muslim inayokataza thamani ya paka. Wanavyuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, wameruhusu kumuuza paka wa nyumbani na wakaichukulia hadithi hiyo kuwa ni ya kuepusha yasiyopendeza, si ya kuharamisha, lakini moyo haukutulia. Tulimpelekea Cucu kilo mbili za sukari na kitenge, hedaya kwa hedaya. Baadaye tulisikia amewaambia watu kwamba watu wa pwani hawajui kununua.

Tulimwita Kusi, kwa ajili ya upepo uliokuwa ukivuma kwetu majira yale. Pwani hatukuwahi kumwita paka jina. Paka wa Mombasa, kama wa Lamu, ni wa mtaa: hula kwa mchinja samaki, hulala kwenye baraza ya yeyote, na hamna anayesema ni wangu. Huku, paka akilala nje mwezi wa Julai hupambazuka amekauka kwa baridi. Hivyo aliingia ndani, akapata mkeka wake, akapata chanjo ya kichaa cha mbwa, na siku ya tatu akanywa katika ndoo ya maji ya udhu. Watoto wa ndugu waliokuja kututembelea walitaka kuyamwaga. Tukawasimulia habari ya Abu Qatada, jinsi alivyomwinamishia paka chombo anywe, kisha akawaeleza waliomshangaa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani mwetu. Ndoo ile tulitawadhia.

Sasa tufike kwenye usiku ambao ndio hasa uliotufanya tuandike.

Nyumba ya pwani hujengwa ili upepo uingie. Maisha yetu yote tumefungua madirisha. Tulipofika huku tukageuka, tukawa wafungaji. Juu ya kila dirisha la nyumba hii mna vitundu vya hewa, na mwezi wa Julai baridi ilikuwa ikipenya humo kama kisu. Tulivijaza matambara na magazeti, vyote, tukafurahi. Usiku mmoja baada ya Isha tukaingiza jiko la makaa chumbani, tukafunga mlango, tukalala. Tulijiona tumeishinda Nyandarua.

Kusi alikuwa na desturi ya kujikunja karibu na jiko. Usiku ule alikwenda mlangoni, akawa analia na kuparua. Tulimnyamaza, hakunyamaza. Mmoja wetu akainuka kwa hasira amfungulie, magoti yakakataa. Alifika mlangoni kwa kutambaa. Hewa ya nje ilipoingia ndipo tulipojua kwamba kichwa kilikuwa kinapasuka. Mwenzetu alitapika hadi asubuhi, na kwa muda, tunaoudhania kuwa ni dakika chache lakini ulikuwa mrefu, hakutujua majina yetu.

Katika zahanati tulielezwa kwa upole kuliko tulivyostahili. Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa hutoa gesi isiyo rangi wala harufu, nayo hushika damu mahali pa oksijeni, na mtu hulala usingizi asiamke. Cucu alipopata habari hakuwa mpole. Alisimama uani akasema, "Mwalimu, hivyo vitundu mliona ni vya mapambo?" Anazijua nyumba ambazo asubuhi mlango ulivunjwa.

Hatudai kwamba paka alijua. Huenda alitaka kutoka tu, kama paka wote. Tunaandika lililotokea. Nanyi mlio na watoto waliohamia Nairobi, Limuru, Nyeri au Nakuru kwa masomo na kazi, wapigieni simu leo, muwaulize wanaota moto wa nini na dirisha likoje.

Matambara yametolewa. Fundi mpole ametuwekea jiko la chuma lenye bomba la moshi linalotoka nje ya paa, na dari inaendelea kidogo kidogo kadiri mshahara unavyoruhusu. Tumejua pia kwamba hapa jua huchelewa kuzama kwa kadiri ya dakika kumi baada ya Mombasa, kwa hiyo anayefuturu kwa adhana ya redio ya nyumbani anafuturu mchana. (Tulifanya hivyo siku moja ya Sunna. Tumeilipa.) Kibla, ambacho Mombasa ni kaskazini barabara, hapa kimeinama kidogo mashariki, na ukisimama kusali alfajiri mlima unakuwa mkono wako wa kulia, wazi kabisa, mpaka saa nne mawingu yanapoufunika. Krapf aliyeishi Rabai, jirani zetu, aliuona kutoka Kitui mwaka 1849, akaandika kwamba una theluji, na wakubwa wa elimu huko Ulaya wakamkatalia. Sisi twaiona kupitia dirisha la jikoni, ijapokuwa wazee wa hapa wanasema imepungua sana.

Mama mkwe, aliyeapa kwamba hatakanyaga bara akiwa hai, ametuma salamu kuwa atakuja Desemba. Ameuliza mambo mawili: kama hati miliki imeandikwa na jina la binti yake, na kama huyo paka hulala ndani. Tumemjibu ndiyo kwa yote mawili.