Bei ya Furaha Mtoni

Aendaye kustarehe mtoni hulipa ada ndogo, au halipi kabisa. Kwa hiyo katika hesabu za wajenzi wa mabwawa furaha yake ilikaribia kuwa si kitu. Mwaka 1947 Harold Hotelling, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, alishauri ipimwe kwa gharama ya safari: atokaye mbali amekwisha kutaja bei kwa nauli yake. Ni werevu mwema, ila fukara akosaye nauli huhesabiwa kama asiyeupenda mto. Na atakayezaliwa kesho je? John Krutilla na wenzake, walipolipima korongo la Hells Canyon katika mto Snake, walionyesha kuwa umeme waweza kupatikana kwingine, bali korongo likizamishwa halirudi, na wapenzi wake wataongezeka mwaka hata mwaka. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilikataza mabwawa mapya humo.