Saa Moja na Robo

Sisi wa Igombe tunazijua ndege kwa sauti kabla hatujajua bei ya tikiti. Kiwanja cha ndege cha Mwanza kimo humu humu Ilemela. Ukitoka mjini unapita Kirumba, unapita Pasiansi, kisha unakikuta, na ukizidi kwenda mbele unafika kwetu ufukweni, kwenye mitumbwi na dagaa walioanikwa. Ndege inayotokea upande wa ziwani inatupitia juu ya mabati, na watoto wanaipungia mkono kama vile rubani ni mjomba wao.

Mimi nina miaka ishirini na mitano, nilimaliza kidato cha nne, na hadi ninapoandika haya sijawahi kupanda ndege hata siku moja. Lakini nimeshamkatia mtu tikiti ya ndege, na kwa tikiti hiyo nikamkosesha mazishi ya baba yake. Baba yake ni baba yangu pia.

Ndugu msomaji, nisikilize kwanza, halafu ndiyo unihukumu.

Desemba 2022 baba alifariki. Dada yangu alikuwa Muscat, kwenye kazi za ndani, mwaka wa tatu bila kurudi. Wazee wakakaa chini ya turubai, wakahesabu siku, wakasema watamsubiri; maiti ikae mochwari mpaka Jumamosi, mazishi saa tisa alasiri. Tajiri wake akampa ruhusa na tikiti ya kumfikisha Dar es Salaam. Kipande cha Dar mpaka Mwanza akaniachia mimi. Akatuma hela kwa simu, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wetu, nikatie hiyo ya kuunganisha. Natua Dar saa tatu na nusu asubuhi."

Msomi! Usomi wangu ulikuwa kaunta buku nne zilizojaa riwaya niliyokuwa naiandika kwa mkono tangu nilipomaliza shule. Kijiweni kwetu washikaji walikuwa wananiita Mwandishi, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Nilikuwa na hamu moja tu, nipate hela ya kuichapisha kwenye kompyuta, pale steshenari, ili niitume kwa mchapishaji ikiwa na sura ya kitabu.

Nikaenda Kirumba kwa wakala wa tikiti. Binti wa pale akanifungulia kompyuta yake. Ilikuwapo ndege ya saa tano kasorobo asubuhi, na ilikuwapo nyingine ya saa saba kasoro dakika kumi mchana. Ile ya pili ilizidi bei kwa shilingi 85,000. Zote mbili zingemfikisha kabla ya saa tisa. Nikapiga hesabu: anatua saa tatu na nusu, anaondoka saa tano kasorobo. Saa moja na robo. Mtu atashindwaje kutoka ndege moja akaingia nyingine kwa saa moja na robo? Mimi kutoka Igombe mpaka mjini kwa daladala natumia muda huo huo, tena na foleni.

Binti akaniuliza, "Abiria anatokea wapi?"

Nikajibu, "Yuko Dar."

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Au tuseme najua. Niliogopa kwamba nikisema anatokea Uarabuni atanipandishia bei, na niliogopa asije akaniambia nichukue ile ya ghali. Kwa sababu ile 85,000, msomaji, nilikwisha itia mfukoni kimoyomoyo. Nilikwisha ipeleka steshenari.

Yaliyompata dada siku ile nilikuja kusimuliwa baadaye, na mengine nimejifunza kwa kuuliza watu wanaosafiri. Nitayaeleza kama nilivyoyaelewa, maana huenda na wewe una ndugu nje, na siku moja utaambiwa umkatie.

Kwanza, safari ya Dar mpaka Mwanza ni ya ndani ya nchi. Kwa hiyo mambo yote ya kuingia Tanzania dada aliyamaliza Dar, si Mwanza. Unaposhuka unapanga foleni ya uhamiaji, wakague pasi yako na kuigonga muhuri. Foleni hiyo haikujui wewe una msiba. Zikitua ndege mbili tatu kwa pamoja, mnajazana mlango mmoja. Ukitoka hapo unakwenda kusimama kwenye ukanda wa mizigo, nao mzigo unakuja kwa wakati wake. Ukiupata unapita forodha. Haya si mambo ya Bongo tu. Hata Marekani, anayetoka nchi za nje hukaguliwa kwenye kiwanja cha kwanza anachotua, huchukua begi lake kwa mkono wake na kulipitisha forodha, ndipo alikabidhi tena kwa safari inayofuata.

Pili, tangu Agosti 2019, pale Kiwanja cha Julius Nyerere ndege za kimataifa zilihamishiwa Jengo la Tatu la Abiria. Za ndani, kama hiyo ya dada, zikabaki Jengo la Pili. Ni majengo mawili mbalimbali. Unatoka nje na mizigo yako, unatafuta usafiri, unaingia upya, unakaguliwa upya.

Tatu, na hili ndilo lililoniua kabisa, saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tikiti siyo saa yako wewe abiria. Ni saa ya ndege. Saa ya abiria ni ile kaunta inapofungwa, na kwa safari za ndani mashirika mengi hufunga dakika 30 mpaka 45 kabla. Ya kwetu ilifungwa dakika 40 kabla, yaani saa nne na dakika tano.

Sasa rudia hesabu pamoja nami. Kutua saa tatu na nusu, kaunta kufungwa saa nne na dakika tano. Ile saa moja na robo yangu, tangu mwanzo, ilikuwa dakika 35. Na siku hiyo ndege ya kutoka Muscat ilichelewa dakika 25, jambo la kawaida kabisa. Zikabaki dakika kumi. Dakika kumi za uhamiaji, mizigo, forodha na kuhama jengo! Hata mkimbiaji wa Olimpiki asingeweza, sembuse mwanamke mwenye begi la kilo thelathini lenye mablanketi ya msibani.

Na lipo la nne. Tikiti zake zilikuwa mbili, kila moja na shirika lake. Ukinunua safari nzima katika tikiti moja, wenye ndege huwa na muda wao wa chini wa kuunganisha kwa kila kiwanja, na mtambo wao haukuuzii muda pungufu ya huo. Ukichelewa kwa sababu yao, wao ndio wenye kazi ya kukutafutia ndege nyingine. Lakini tikiti zikiwa mbili, shirika la pili halikujui. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea, basi. Mtambo haukunionya mimi kwa sababu haukuwa na habari za Muscat. Na binti wa Kirumba, ambaye angenionya, nilimwambia abiria yuko Dar.

Kinachonisikitisha ni kwamba sisi watu wa Ziwa si wageni wa mambo haya. Kabla Daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, kwenda Sengerema kulitaka uvuke kwa kivuko, na hakuna mzee aliyediriki kusema "basi linafika Kigongo saa mbili, kwa hiyo saa mbili na robo nipo ng'ambo." Tulijua kuna foleni ya magari, kuna kivuko kipo upande ule, kuna upepo. Tulimwachia maji nafasi yake. Lakini karatasi ya ndege ilipotuletea dakika zilizopigwa chapa, tukaziamini kama msahafu.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Saa sita na dakika kumi tulikuwa tumekaa kwenye turubai, jeneza limeshaletwa. Ndege ikasikika upande wa ziwani. Watu wote wakanyanyua vichwa. Mama akasimama, akanyoosha mikono juu, akaliita jina la dada kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Akina mama wote wakalia naye. Ndege ikapita juu yetu, chini kabisa, magurudumu yameshatoka. Baba mkubwa akanigusa bega, "Nenda kamchukue mwenzako."

Nikadandia bodaboda mbio. Nikasimama pale wanapotokea abiria, nikawaona wakitoka mmoja mmoja: wazungu wawili, bwana mmoja wa suti, mama na mtoto, wanafunzi. Mlango ukawa unafunguka na kufunga. Halafu ukaacha kufunguka. Nikaendelea kusimama. Mfagiaji akaniambia, "Kijana, wa ndege hii wamekwisha."

Simu ikaja saa sita na nusu, kwa namba nisiyoijua. Laini yake ya Muscat ilikuwa imegoma, akaazima simu ya mtu. Hakusema "umeniponza." Alisema, "Mdogo wangu, wameniacha. Ile ya saa saba imejaa. Wanasema nafasi ipo ya saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Mwambie baba mkubwa wanisubiri."

Walisubiri. Hilo nalisema kwa heshima ya wazee wangu. Saa tisa ikapita, ikapita saa kumi. Wingu zito likawa linapanda kutoka ziwani, kaburi limeshachimbwa, watu wa Kayenze na Sangabuye wanatazama njia ya kurudi. Saa kumi na moja baba mkubwa alivua kofia, akasema taratibu, "Jamani, tumemsubiri binti kadiri tulivyoweza. Tukamlaze mwenzetu." Mimi nilishika jeneza upande wa kushoto. Mfukoni nilikuwa na ile 85,000, noti zimekunjwa, nilikuwa bado sijazipeleka.

Dada alifika usiku. Saa mbili na dakika kumi ndege ilitua, tukampeleka moja kwa moja kaburini kwa tochi za simu. Udongo ulikuwa mbichi kwa mvua. Alipiga magoti, akachukua udongo kiganjani, na kwa kuwa hapakuwa na shimo la kuutupia, akaushika tu. Tulirudi nyumbani bado ameushika.

Hela ile nilimrudishia keshoyake, lakini sikusema kweli. Nilisema ni chenji. Akanipa tena, "Kachapishie kitabu chako." Ndiyo hivyo, riwaya yangu imechapwa kwa hela ile ile. Ilipotoka kwenye mashine nikaanza kuisoma. Ukurasa wa kwanza kabisa kuna kijana anarudi kutoka Ulaya. Nimeandika: ndege ikatua Dar, na jioni alikuwa kwao ufukweni, akikumbatiwa na mama yake. Sentensi moja! Nilivyoiandika niliiona tamu sana. Mwalimu wangu wa Kiswahili angeipa vema. Lakini huyo kijana hakupanga foleni, hakungoja begi, hakuhama jengo, hakuachwa na ndege. Nilimkatia mhusika wangu tikiti ile ile niliyomkatia dada. Nimeurudia ukurasa huo mara sita sasa, na bado yuko Dar, anahangaika na begi lake. Sina haraka naye.

Ninyi wenzangu mnaoandika, mtaniambia kama ninakosea. Na ninyi mnaokata tikiti, haya niliyanunua kwa bei kubwa, nawapa bure: mseme ukweli kwa wakala, abiria anatokea wapi. Ikiwezekana safari nzima iwe tikiti moja. Zikiwa mbili, hesabuni kutoka magurudumu kugusa ardhi mpaka kaunta kufungwa, mwache saa nne kwa uchache, na kama kuna msiba, harusi au usaili, mtu alale Dar, aje kesho yake.

Mwaka jana dada alikuja likizo. Kabla hajaja nilimpigia simu, nikamweleza yote, binti wa Kirumba, ile 85,000, kila kitu. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Nilijua haikuwa chenji. Chenji haiwi noti mpya." Akanyamaza tena. "Haya, nikatie ya kuunganisha. Ila safari hii uniwekee masaa ya kutosha."

Nilimwekea saa tano na nusu. Alinipigia kutoka Dar mara tatu kulalamika kwamba amekaa mpaka mgongo unauma, chai ya pale ghali, na mdogo wake hana akili. Nilimsikiliza mara zote tatu, nikiwa nimeshafika kiwanjani Mwanza, nimesimama pale pale, nautazama mlango.