Pima mfuko kabla hujaununua

Ndugu mfanyabiashara, kabla hujachukua tena bando la mifuko mbadala, tumia mizani yako ya sukari. Hesabu mifuko 10 ya sentimita 40 kwa 40, uipime. Kiwango cha TBS ni gramu 70 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Pande mbili za mfuko wa ukubwa huo ni mita za mraba 0.32, kwa hiyo mfuko mmoja unapaswa kuvuka gramu 22 hata kabla ya kuhesabu mikono yake. Mifuko 10 ikisoma gramu 120, umeuziwa rambo lililovaa shati.

Nasema hivi kwa sababu wengi mnaniambia, "Bwana shamba, rambo si lilikatazwa? Sasa tuko salama." Kweli lilikatazwa Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na ukikutwa nalo faini inaanzia shilingi 30,000. Lakini huu mfuko unaofanana na kitambaa nao ni plastiki. Hauozi. Ukiachwa juani unakauka, unavunjika vipande, na mvua inavipeleka ziwani. Maji ya mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama yanatoka ziwa hilohilo. Uzuri wa mfuko huu ni mmoja tu: ukiwa mzito, unabeba mara nyingi. Ukiwa mwepesi, mshono unaachia siku ya kwanza kwa kilo tatu za viazi, na safari yake imeishia hapo.

Mfugaji, wewe ndiye unayepata hasara kubwa zaidi. Ng'ombe hachambui chakula kama mbuzi. Akikuta mfuko wenye chumvi au pumba, anaumeza wote. Plastiki haisagiki hata acheue mara ngapi. Inakaa kwenye tumbo la kwanza, inajiviringisha na nyingine, mnyama anakonda huku anakula. Nimesimama machinjioni nikaona bonge la namna hiyo likitolewa, kubwa kuliko kichwa cha mtu. Mwenye ng'ombe alikuwa amemnywesha dawa ya minyoo mara mbili.

Ndiyo maana siku hizi nikiletewa kitu kinachoitwa "rafiki wa mazingira" nauliza: kimetengenezwa kwa nini, kitatumika mara ngapi, kikichoka kitaishia wapi? Vile viroba vya pombe vilivyopigwa marufuku Machi 2017 vilikuwa na kinywaji cha dakika chache na takataka ya miaka. Chupa ya soda ya kioo je? Unaacha pesa ya chupa, unairudisha, inaoshwa, inajazwa tena. Huioni imezagaa njiani kwa sababu ina thamani hata ikiwa tupu. Aliyepanga utaratibu ule alifikiria mwisho wa chupa mapema.

Hata mfuko wa pamba tusiusifie bure. Wewe uliyelima pamba unajua umebeba bomba la dawa mara ngapi kabla ya kuvuna. Mfuko wa amerikani ukitumika mara mbili na kutupwa, dawa yote ile imepulizwa kwa hasara. Ukitumika miaka miwili, hapo tunaelewana. Kwa nyanya na mboga, kikapu cha ukindu bado sijaona cha kukishinda.

Mwaloni kuna mama mmoja anauza dagaa wakavu. Mifuko ya kaki ilimsumbua, inavuta unyevu na dagaa wanalegea. Magazeti yanaachia wino. Akapeleka amerikani kwa fundi cherehani, akashonewa mifuko ya kilo moja na ya kilo mbili, chini imepigwa mshono mara mbili, na mkononi ina uzi mwekundu ili aitambue. Mteja anaacha shilingi 1,000 ya mfuko. Akiurudisha, safi au mchafu, anapewa pesa yake. Mwenyewe anaifua Jumapili kwa sabuni ya mche, na maji yake anayamwaga kwenye migomba, si ziwani.

"Na wasiporudisha, mama?" nilimuuliza.

"Basi wamenunua mfuko, mwanangu. Nashona mwingine."

Mpaka wiki iliyopita mitatu ilikuwa haijarudi, na mmoja anajua uko kwa mwalimu gani.