Orodha Mbili za Maharusi wa Nkome

Mapema kabla ya harusi, sisi wageni wa kutoka Tanga tulitumiwa karatasi moja yenye miandiko miwili. Nusu ya juu aliandika bi harusi, mtoto wa mama yangu mdogo: Jiwe la Bismarck, kisiwa cha Saanane, makumbusho ya Bujora, na Capri Point jua linapozama. Yote hayo yako Mwanza, mji aliosomea Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe na kukutana na mwenzake. Nusu ya chini aliandika bwana harusi: Daraja la Magufuli, soko la dhahabu Geita, mwaloni Nkome, Rubondo.

Ndugu zetu wengi waliishika nusu ya juu. Nkome hawakuwahi kuisikia, na aliyeitafuta kwenye ramani aliona kijiji kilichochomoza ziwani kaskazini mwa Geita, akauliza mtu anafuata nini huko zaidi ya pilau ya harusi. Mimi niliamua kuzifuata orodha zote mbili, na haya ni maandishi yangu ya njiani.

Jiwe la Bismarck halihitaji muda mrefu. Liko karibu na kituo cha kivuko cha Kamanga, mwamba juu ya mwamba, majini, likiwa limebeba jina la kansela wa Ujerumani tangu enzi za ukoloni wao. Ukishapiga picha umemaliza. Lakini inua macho utazame vilima vya mji. Nyumba zimejengwa katikati ya majabali makubwa kuliko nyumba zenyewe, na watu wameanika nguo zao juu yake. Kwangu hiyo ndiyo picha ya Mwanza, na wala haikuandikwa kwenye karatasi.

Bujora ni habari nyingine. Unatoka mjini kwa barabara ya Musoma, unapita Igoma, penye makaburi ya wengi waliokufa katika ajali ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, kisha unafika Kisesa. Kwenye gari letu mazungumzo yalikatika yenyewe tulipofika Igoma, na mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alivua kofia. Kule Bujora, Padri David Clement, mmisionari aliyetoka Canada, alianza kazi miaka ya 1950 na akaona kwamba mambo ya Wasukuma yanastahili kuhifadhiwa na Wasukuma wenyewe, palepale wanaposali. Lipo jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani yake zimo ngoma za watemi. Kanisa nalo limefuata umbo la nyumba ya msonge.

Mwongozaji alitueleza habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa karne ya 19 na mafundi wawili waliokuwa wakishindana, Ngika na Gumha. Ushindani wao ni wa namna ya pekee: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji hukimbilia kule wanakovutwa. Upande uliobaki bila watu umeshindwa, hakuna haja ya mwamuzi. Kila mwaka mwezi wa sita, karibu na sikukuu ya Ekaristi, mashindano hayo hurudi Bujora katika sherehe za Bulabo. Nilitamani sana kuyaona. Anayepanga harusi ya Usukumani na ana uhuru wa kuchagua mwezi, aufikirie huo.

Tarehe ya harusi yetu ilikuwa na sababu yake, nami nitaifikia.

Kutoka Mwanza kwenda Geita tulipita Daraja la Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3. Kwa gari ni dakika chache tu, ziwa likiwa kulia na kushoto. Waliozoea pantoni wanajua maana yake: kabla ya hapo mtu alipanga foleni, akasubiri, akavuka, na safari nzima ya kukata maji hayo ingeweza kumla saa mbili. Mgonjwa wa rufaa aliyekuwa akipelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, alisubiri kama wengine. Bwana harusi aliniambia, "Shemeji, sisi tulikuwa tukifunga harusi kwa kuangalia pantoni ya mwisho." Wageni wa upande wa Mwanza walikuwa wakiondoka ukumbini kabla keki haijakatwa. Ndiyo maana aliliweka daraja mwanzo kabisa wa orodha yake, na mimi naliweka juu ya Jiwe la Bismarck bila kusita.

Geita mjini kila mgeni anataka kuona dhahabu. Dhahabu ya huku ilianza kuchimbwa na makampuni miaka ya 1930, chini ya Waingereza, na mgodi mkubwa wa sasa, GGM, ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mgodini huingii bila kibali, na utakachokiona kutoka barabarani ni vilima vya kifusi. Soko la dhahabu lililofunguliwa mwaka 2019 linaeleza mengi zaidi kwa muda mfupi, mradi umpate mwenyeji. Wetu alikuwa mjomba wa bwana harusi, mchimbaji mdogo wa Mgusu, aliyetutangulia kwa heshima zote: "Karibuni wanangu, muone jasho linavyopimwa." Kipande alichokuja nacho kilikuwa kidogo, cha rangi iliyofifia. Nisingeinama kukiokota njiani. Kilipimwa, kikaandikwa, na serikali ikachukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Zamani, alisema, mchimbaji aliuza gizani kwa mnunuzi aliyempa fedha ya chakula cha kuchimbia, na bei ilitajwa na mnunuzi huyohuyo. Sasa anaiona bei ya siku imeandikwa kabla hajafungua kitambaa chake. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kulipa mchango wake wa harusi kwa mweka hazina wa kamati.

Barabara ya Nkome hupita Nzera, kati ya mashamba ya mihogo na mpunga, na vumbi lake huingia hata kwenye masanduku yaliyofungwa. Wanaosafiri na nguo za kusimamia harusi wazitie kwenye mifuko ya nailoni.

Tulipofika Nkome nilianza kuelewa kwa nini harusi ilipangwa Jumamosi ya tarehe 9 Agosti. Sisi wa Tanga tulidhani ni kwa ajili ya mapumziko ya Nane Nane, iliyoangukia Ijumaa, na kweli hayo yalitusaidia. Lakini usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa gizani, kwa taa. Mwanga wa taa huwakusanya juu ya maji, kisha wavu huwazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu, dagaa hutawanyika, na mitumbwi hupandishwa nchi kavu. Siku hizo ndizo kijiji cha wavuvi kinapokuwa na wanaume wake nyumbani, hesabu za mwezi zimeshafungwa, na kila mtu amelipwa sehemu yake. Kuoa siku za giza ni kuwanyima nusu ya ndugu zako nafasi ya kuja.

Kwetu pwani nako mwezi ndio unaotawala, ila kwa njia tofauti. Tunaufuata kwa sababu ya maji: bamvua ya mwezi mpevu na ya mwezi mwandamo, maji kujaa na kupwa, saa ya kuingiza ngalawa na saa ya kutembea mwambani kuokota. Hapa maji hayapwi. Nilikaa ufukweni asubuhi nzima nikingoja mstari wa maji usogee, na haukusogea. Mvuvi wa Tanga huuliza maji yako wapi, mvuvi wa Nkome huuliza mwezi unatoka saa ngapi. Wote wanatazama mbingu ileile.

Kwa hiyo mwalo, ufukwe wanapotua wavuvi, niliouona kabla ya harusi ulikuwa umepumzika. Mitumbwi ilikuwa imelala ubavu, mafundi wakiziba nyufa, nyavu zimetandazwa zikishonwa, injini zimefunguliwa juu ya magunia. Vinyozi na mafundi cherehani walikuwa na foleni. Waliokuwa wakiingia ziwani ni wa sangara na sato peke yao, na sato wa asubuhi, aliyebanikwa kwenye mkaa akaletwa na ugali wa udaga, ndiye chakula nitakachokumbuka kuliko vyote vya safari ile, pilau ikiwemo. Wenyeji wanasalimiana "mwangaluka" asubuhi, na wanashukuru kwa "wabeja". Mgeni akijifunza maneno hayo mawili anafunguliwa milango mingi. Si Wasukuma peke yao: kuna Wazinza, ambao ndio wenye nchi, Wakerewe, Wajita, Wakara, Waha, na Kiswahili kinawaunganisha wote kwa lafudhi ambazo sikuwahi kuzisikia kwetu Chumbageni.

Harusi yenyewe ilikuwa njema. Ndoa ilifungwa kanisani, jioni tukala, mshereheshaji akatuzungusha, na usiku kikaingia kikundi cha ngoma ya bugobogobo na majembe yao hewani. Mama mdogo, aliyekuja na wasiwasi mwingi juu ya mahali mtoto wake anapoolewa, aliingia uwanjani na kitenge kiunoni.

Siku mbili baadaye baadhi yetu tulikwenda Rubondo. Wengi huingilia upande wa Chato, kutoka Kasenda, kwa sababu safari ya majini ni fupi. Kutoka Nkome ni karibu saa mbili kwa boti, na boti hupangwa mapema na hifadhi. Kwa raia ada ni ya shilingi na ni nafuu kabisa ukilinganisha na ya mgeni wa nje. Koti ni lazima, hata Agosti, kwa ajili ya upepo na maji yanayoruka.

Rubondo ilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt alileta hapo sokwe kumi na kadhaa kutoka Ulaya, wengi wao wakiwa wameishi miaka mingi kwenye vizimba. Wakaachwa msituni. Wakaishi, wakazaa, na uzao wao uko humo hadi leo. Sisi tuliwasikia tu, mbali, ukelele uliopanda na kukatika. Tulimwona nzohe, swala wa kwenye matete mwenye kwato ndefu za kukanyagia tope, na furukombe juu ya kila mti mrefu wa ufukweni. Twiga na tembo nao waliletwa. Simba hakuna, hivyo matembezi ya miguu na askari wa hifadhi yanawezekana.

Bwana harusi hakuja kwa ajili ya wanyama. Babu yake alizaliwa Rubondo. Wazinza waliokuwa wakivua na kulima kisiwani walihamishwa kupisha pori, na babu akaja kuanza upya Nkome. Tulipokaribia gati, bwana harusi alimwonesha mkewe sehemu ya ufukwe ambayo babu alimtajia, sasa msitu mtupu. Mimi nautaka msitu ule ubaki, na sokwe wake. Nataka pia jina la kila ukoo uliokuwa pale liandikwe mahali ambapo mgeni anayeshuka kwenye boti atalisoma kabla hajauliza sokwe wako wapi.

Wenzangu walirudi Tanga. Mimi niliomba kubaki hadi mwezi ulipoanza kuchelewa kuchomoza na kuacha saa kadhaa za giza baada ya magharibi. Mitumbwi ikasukumwa. Kufika saa tatu usiku ziwa lilikuwa na taa kutoka upeo hadi upeo, ungedhani kuna mji ng'ambo ya pili. Alfajiri wakarudi, na kazi ikahamia kwa wanawake: kununua kwa ndoo, kubeba, kumwaga, kutandaza, kugeuza kabla jua halijachoma upande mmoja. Mama mmoja alinionesha tofauti ya dagaa wa mchangani na wa kwenye chanja. Wa chanja hana mchanga, ndiye wa kuliwa na watu, na bei yake inaheshimika. Wa mchangani wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Ndoo ni zilezile, jua ni lilelile, faida haifanani, na mtaji wa kujenga chanja ndio unaowashinda wengi. Mvua ikinyesha katikati ya kuanika, hasara ni ya mwanikaji peke yake. Mvuvi ameshalipwa. Magunia ya mama huyo huvushwa hadi Mwaloni Kirumba, Mwanza, na huko hununuliwa na wafanyabiashara wanaoyafikisha hadi Congo.

Nilipitia Kirumba wakati wa kurudi kwa ajili ya mama huyo, soko ambalo hakuna kati ya maharusi aliyeliandika. Kisha nikaenda Saanane, kisiwa cha mwisho kwenye orodha yangu, dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point. Ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 2.18, yenye jina la mzee Saanane Chawandi aliyeishi hapo. Tangu mwaka 1964 palikuwa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa. Askari aliyetutembeza kati ya pimbi na mijusi ya rangi alisema kwamba kisiwa hiki kiliwahi kuwa kituo cha kupumzishia wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo. Ningeanza na Saanane, sentensi hiyo ingenipita sikioni.

Mdogo wake bwana harusi anaoa mwakani, naye ameniomba nimsaidie kuandika karatasi ya wageni. Nimemwandikia hivi: watu wavuke daraja siku wanayofika, walale Nkome, waende Rubondo kutokea hapohapo, na Mwanza yote, Bujora ikiwemo, iwekwe njia ya kurudi. Wasioge ziwani penye matete, kwa ajili ya kichocho na mamba. Wenye nafasi wabaki hadi giza lirudi. Na tarehe, kabla ya kumuuliza padri, waulizwe kwanza wavuvi.